Kiungo Aliyekabidhiwa Benchi: Pamphile Mihayo na TP Mazembe, 2017–2021

Katika soka la Katanga, kiti cha kocha mkuu wa klabu kubwa kimekaliwa kwa muda mrefu na wageni, huku wenyeji wakiachiwa kazi ya kucheza, kusaidia mazoezi na kushangilia. Pamphile Mihayo Kazembe, aliyezaliwa mwaka 1976 na kuichezea TP Mazembe ya Lubumbashi kama kiungo kwa miaka mingi, ni mmoja wa wachache waliovuka mstari huo: alikabidhiwa timu mwaka 2017, na kufikia 2021 timu ilikuwa imekwisha kukabidhiwa mtu mwingine. Miaka hiyo michache inastahili sura yake, kwa sababu hukumu inayotolewa juu ya Mihayo mara nyingi, kwamba aliweza kombe dogo la Afrika akashindwa kombe kubwa, inapuuza ushahidi wa mechi zenyewe, na pia inapuuza hali ya klabu aliyoipokea.

Uzito wa kiti hicho unaonekana vizuri zaidi ukitazamwa kutoka mbali kidogo na Lubumbashi, kwa mfano kutoka Kamina, mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami lililozaliwa mwaka 2015 baada ya Katanga ya zamani kugawanywa. Kamina ni mji wa reli: njia iliyojengwa na kampuni ya BCK kutoka Bukama hadi Ilebo, iliyofunguliwa mwaka 1928, ilipita hapo, na baadaye, mwaka 1956, ikaongezwa njia ya kwenda Kabalo, ambako reli inaendelea hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Mji uliokua juu ya njia panda ya treni ulipokea pia wafanyakazi wa kila upande, na Kiswahili kikawa lugha ya kukutania sokoni na kazini, kando ya Kiluba cha wenyeji. Mpira nao ulifuata reli, na si ajabu, kwani FC Saint-Éloi Lupopo, mpinzani wa jadi wa Mazembe, ni klabu ya wafanyakazi wa reli, na hadi leo mashabiki wake huitwa kwa jina hilo la kazi, Cheminots.

Soka la Kongo limejengwa kwa ngazi. Ngazi ya chini ni entente, yaani chama kinachoendesha mashindano ya klabu za mji au eneo moja. Juu yake ipo ligi ya jimbo. Na juu kabisa ni Linafoot, ligi ya taifa. Kamina iko mbali na kilele hicho kwa namna mbili, kwa umbali wa njia, kwani treni ya Lubumbashi inalazimika kukata takriban kilomita 600, na kwa uwezo wa fedha, kwani safari za ndege ambazo klabu ya ligi ya taifa hulazimika kulipia katika nchi yenye barabara chache haziwezi kubebwa na michango ya wapenzi wa mpira wa mji mdogo. Kwa hiyo kijana mwenye kipaji kutoka Haut-Lomami hutazama Lubumbashi, na mchezaji anayemaliza soka lake huko naye hukuta kwamba benchi la klabu ya juu halina nafasi kwa ajili yake. Mtu wa Kamina anayeuliza kama mwenyeji anaweza kuiongoza Mazembe, kwa hakika, anauliza kama ngazi hii ina mwisho kwa mtu kama yeye.

Mazembe yenyewe ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari wa Kibenediktini waliokuwa wakiendesha shule mjini Élisabethville, jina la Lubumbashi wakati huo, ikiitwa Saint-Georges. Ikapita kwenye jina la Saint-Paul, kisha ikawa Englebert, kwa jina la kampuni ya matairi iliyoidhamini. Maneno Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote, yaliongezwa mwaka 1966 baada ya timu kutwaa ubingwa bila kupoteza mechi. Mwaka 1967 na 1968 ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mara mbili mfululizo, jambo ambalo hakuna klabu nyingine iliyokuwa imelifanya. Nembo yake ni mamba mwenye mpira mdomoni, wachezaji wake huitwa Kunguru kwa sababu ya jezi nyeusi na nyeupe, na mashabiki wake wakubwa hujiita Cent pour cent, asilimia mia moja. Klabu ya namna hii haimpi kocha wake muda mrefu wa kujifunza.

Chini ya urais wa Moïse Katumbi, aliyeshika uongozi wa klabu mwaka 1997, Mazembe ilirudi kileleni kwa fedha, kwa usajili wa wachezaji kutoka Zambia, Ghana, Mali na Ivory Coast, na kwa makocha kutoka nje. Ligi ya Mabingwa Afrika ya mwaka 2009 ilichukuliwa na timu ya Diego Garzitto, ile ya 2010 na timu ya Lamine N'Diaye, ile ya 2015 na timu ya Patrice Carteron, na Kombe la Shirikisho la 2016 na timu ya Hubert Velud. Carteron na Velud ni Wafaransa, N'Diaye ni Msenegali, na Garzitto naye alitoka Ulaya. Mpango huo ulikuwa na mantiki yake, kwa kuwa kocha mgeni hana ukoo mjini, hana deni kwa yeyote, na akishindwa huondoka na ndege ya kwanza bila kuacha ugomvi wa mtaani. Lakini mpango huo huo ulifanya elimu ya miaka mingi ya wachezaji wa klabu isitumike popote.

Mihayo aliipata elimu hiyo kwa wingi. Mwaka 2009 Mazembe ilifungwa na Heartland ya Nigeria mabao 2–1 huko Owerri, kisha ikashinda 1–0 nyumbani na kutwaa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini, kanuni iliyosema kwamba jumla ya mabao ikilingana, timu iliyofunga zaidi katika uwanja wa mwenzake ndiyo inayopita. Wiki chache za furaha zilifuatiwa na aibu ya Kombe la Dunia la Klabu huko Abu Dhabi, ambako Mazembe ilifungwa na Pohang Steelers ya Korea Kusini na kisha na Auckland City ya New Zealand. Mwaka uliofuata timu ilimkosa mfungaji wake mkuu, Trésor Mputu, aliyefungiwa kwa mwaka mmoja baada ya vurugu dhidi ya mwamuzi katika Kombe la Kagame mjini Kigali, na bado ikatetea ubingwa wa Afrika kwa kuifunga Espérance ya Tunis 5–0 katika mechi ya kwanza ya fainali, iliyochezwa Lubumbashi tarehe 31 Oktoba 2010. Kisha, Abu Dhabi kwa mara ya pili, ikaifunga Pachuca ya Mexico 1–0 na Internacional ya Brazil 2–0, ikawa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ya mashindano hayo, kabla ya kushindwa 3–0 na Inter Milan tarehe 18 Desemba. Mihayo alikuwa kiungo wa kikosi hicho. Alijifunza uwanjani jinsi timu isiyo na nyota wake mkubwa inavyoweza kusimama kwa kukaba pamoja na kusubiri nafasi moja.

Alipostaafu kucheza alibaki ndani ya klabu na kuingia katika kazi ya ukocha hatua kwa hatua, akiwa msaidizi kwanza. Nafasi ya kuongoza ilimjia katika hali ya dharura, kama inavyowajia wenyeji wengi. Mapema mwaka 2017 kocha Thierry Froger, Mfaransa mwingine, alipoteza Kombe la Super la Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns kwa bao 1–0, na mwezi Machi Mazembe ikatolewa katika Ligi ya Mabingwa na CAPS United ya Zimbabwe baada ya sare ya 1–1 Lubumbashi na 0–0 Harare. Kanuni ile ile ya bao la ugenini iliyowapa kombe mwaka 2009 sasa iliwatoa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Froger akaondoka, na Mihayo akapewa timu iliyoangukia Kombe la Shirikisho, mashindano ya daraja la pili ambako, wakati huo, timu zilizotolewa katika raundi ya mwisho kabla ya makundi ya Ligi ya Mabingwa zilihamishiwa.

Kuhamishiwa huko kuliumiza klabu iliyozoea kileleni. Mashabiki walizoea kuona mechi zilizobaki kama adhabu, na wachezaji nao waliweza kuzichukulia hivyo. Mihayo alifanikiwa kuwafanya waone kombe mbele yao. Mazembe ilipita katika kundi lililokuwa na SuperSport United ya Afrika Kusini, Horoya ya Guinea na Mounana ya Gabon, ikaiondoa Al-Hilal ya Obeid kutoka Sudan katika robo fainali na FUS ya Rabat katika nusu fainali, na ikakutana tena na SuperSport katika fainali. Mechi ya kwanza, tarehe 19 Novemba 2017, iliisha 2–1 Lubumbashi. Matokeo hayo ni ya hatari, kwa sababu bao moja tu la SuperSport nyumbani kwao, bila jibu, lingetosha kuwapa kombe. Siku sita baadaye, tarehe 25 Novemba, katika uwanja wa Lucas Moripe karibu na Pretoria, Mazembe ilizuia kwa dakika zote 90 huku kipa wake kutoka Ivory Coast, Sylvain Gbohouo, akiokoa kila kilichomfikia, na mechi ikaisha 0–0.

Kombe hilo lilikuwa la pili mfululizo la Shirikisho kwa Mazembe, lakini lilikuwa la kwanza la bara, katika zama za Katumbi, kuletwa na kocha Mkongomani. Jambo hilo halikupewa uzito uliostahili. Wengi walilihesabu kama kombe la klabu, mwendelezo wa kazi ya Velud, wakati Velud alikuwa amekwisha kuondoka na katikati yao alikuwapo Froger, ambaye kwa wachezaji wale wale na katika mwaka ule ule alishindwa kuifunga CAPS United katika mechi mbili.

Lipo jambo jingine ambalo hesabu za makombe haziwezi kulionyesha. Mihayo aliiongoza Mazembe wakati rais wake hakuwapo. Katumbi, aliyewahi kuwa gavana wa Katanga na ambaye alikuwa ametangaza nia ya kugombea urais wa nchi, aliondoka Kongo tarehe 20 Mei 2016 na kuishi uhamishoni hadi tarehe 20 Mei 2019. Klabu iliendelea kulipwa na kuendeshwa, lakini mtu aliyezoea kukaa jukwaani, kuzungumza na wachezaji na kuamua usajili kwa neno moja, alikuwa mbali. Makocha wageni waliotwaa Ligi ya Mabingwa waliitwaa wakiwa na rais huyo karibu nao. Kocha mwenyeji alipewa timu katika kipindi ambacho utulivu ulipaswa kutoka kwenye benchi lenyewe, na kwa miaka miwili ya mwanzo aliutoa.

Baada ya hapo ndipo yalipokuja majaribio matatu ya Ligi ya Mabingwa ambayo yameandika jina lake vibaya. Mwaka 2018 Mazembe ilitolewa robo fainali na Primeiro de Agosto ya Angola, kwa 0–0 Luanda na 1–1 Lubumbashi, tena kwa bao la ugenini. Msimu wa 2018–2019 ilianza kwa kishindo: katika hatua ya makundi iliifunga Club Africain ya Tunis 8–0, matokeo ambayo hayatokei mara kwa mara katika mashindano ya ngazi hiyo, na katika robo fainali ikakutana na Simba ya Dar es Salaam.

Pambano hilo lilikuwa, kwa namna fulani, sikukuu ya wasema Kiswahili, kwani kelele za majukwaa katika miji yote miwili ziliweza kueleweka na wageni bila mkalimani. Tarehe 6 Aprili 2019 Mazembe ilipata sare ya 0–0 Dar es Salaam, siku ambayo nahodha wa Simba, John Bocco, alikosa penalti. Wiki moja baadaye, katika uwanja wa Mazembe uliopo Kamalondo mjini Lubumbashi, Emmanuel Okwi aliifungia Simba katika dakika za mwanzo kabisa, na kwa bao hilo Mazembe ikawa na wajibu wa kufunga mawili. Kabaso Chongo akasawazisha kwa penalti, Meschack Elia akaongeza la pili kabla ya mapumziko, Mputu la tatu na Jackson Muleka la nne. Ukitazama majina hayo unaona kazi ya kocha: Mputu, mchezaji mwenza wa zamani wa Mihayo aliyekuwa na miaka 33, alicheza pamoja na vijana waliokuwa bado shuleni wakati Mazembe ilipotwaa kombe la 2009. Kuwaunganisha watu wa rika hizo mbili, ambapo mmoja wao amewahi kubadilishana pasi nawe kwa miaka, ni kazi ngumu kuliko kupanga mfumo ubaoni, kwa sababu rafiki wa jana anapaswa kukubali kuwekwa nje leo bila kuona kwamba amevunjiwa heshima.

Nusu fainali ilimpeleka Mihayo kwa Espérance, klabu ile ile ambayo akiwa mchezaji aliishuhudia ikifungwa mabao matano Lubumbashi. Safari hii Mazembe ilifungwa 1–0 huko Radès na kutoka sare ya 0–0 nyumbani tarehe 4 Mei 2019. Msimu uliofuata ilitolewa robo fainali na Raja ya Casablanca: 2–0 ugenini, kisha ushindi wa 1–0 nyumbani ambao haukutosha.

Mechi hizo sita za kutolewa zikiwekwa pamoja, picha inakuwa wazi. Mazembe iliruhusu mabao manne tu, na haikupoteza mechi hata moja ikiwa nyumbani. Lakini ilifunga mabao mawili katika dakika 540. Timu iliyoweza kufunga manane dhidi ya Club Africain na manne dhidi ya Simba ilikauka kila ilipokutana na mpinzani aliyekuja Kamalondo kujilinda na kusubiri. Wakosoaji walisema kocha alikuwa mwoga. Ushahidi unaelekeza mahali pengine: ulinzi aliourithi kutoka zama zake za kucheza aliuendeleza vizuri, na kilichokosekana kilikuwa mchezaji wa kufungua lango lililofungwa, mtu wa aina ya Mputu wa 2009, ambaye mwaka 2019 alikuwapo kwa jina na kwa akili lakini si tena kwa miguu ya zamani. Hilo ni suala la usajili zaidi kuliko la ukocha, na usajili haukuwa mikononi mwa Mihayo.

Hali ikazidi kuwa ngumu baada ya hapo. Elia alihamia Young Boys ya Uswisi mwanzoni mwa 2020, na Muleka akaenda Standard ya Liège nchini Ubelgiji katika mwaka huo huo, wakati ugonjwa wa UVIKO-19 ulikuwa umesimamisha ligi na kuziba mapato ya uwanjani. Ubingwa wa nchi wa 2019 na ule wa 2020 ulibaki Lubumbashi, lakini mashabiki wa Kunguru huhesabu ubingwa wa nchi kama mkate wa kila siku. Katika Ligi ya Mabingwa ya 2020–2021 Mazembe haikuvuka hatua ya makundi, ikiachwa nyuma na Mamelodi Sundowns na Belouizdad ya Algeria, na mwaka huo wa 2021 klabu ikarudi kwenye desturi yake kwa kumwajiri Mfaransa, Franck Dumas.

Vipindi vifupi vya namna hii ni kawaida ya wachezaji wakubwa wanaopewa timu. Claude Makélélé, aliyezaliwa Kinshasa na kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya akiwa Real Madrid, alianza ukocha mkuu Bastia, Ufaransa, mwaka 2014 na kuondolewa Novemba mwaka huo huo. Andrea Pirlo, kiungo bingwa wa dunia wa 2006, alipewa Juventus mwaka 2020 kabla hajawahi kufundisha mechi hata moja ya wakubwa, na akaondolewa baada ya msimu mmoja ingawa alikuwa ameleta makombe mawili ya Italia. Mihayo alidumu kuliko wote wawili, na alikuwa amepanda kutoka usaidizi kama inavyopasa. Tofauti ni kwamba Makélélé alipata kazi nyingine Ubelgiji na Pirlo akapata Uturuki, wakati kocha wa Lubumbashi aliyetwaa kombe la bara hana soko kama hilo la kumpokea. Vyeti vyake havipewi thamani ile ile, mechi zake hazionyeshwi huko, na klabu za Afrika zenye fedha nazo hutazama Ulaya zinapotafuta mtu.

Lamine N'Diaye, aliyemfundisha Mihayo mchezaji mwaka 2010, alirudi Mazembe na kuifikisha nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2023–2024, hatua ile ile ambayo Mihayo aliifikia mwaka 2019. Mechi ya kwanza dhidi ya Al Ahly iliisha 0–0 Lubumbashi, na ya pili Al Ahly ilishinda 3–0 mjini Cairo. Kocha alikuwa mgeni, mwenye uzoefu wa bara zima, rais alikuwa amerudi nyumbani siku nyingi, na Mazembe haikupata bao hata moja katika mechi hizo mbili. Kombe la mwisho la Afrika katika kabati la klabu lilikuwa bado lile la Novemba 2017.